Mshono kutunga usaha baada ya oparesheni: maana yake nini, na kwa nini sindano inatangulia kisu

Mshono ukitunga usaha nyumbani lawama zote anabebeshwa mgonjwa, eti kalowesha kidonda, eti kala maharage, kumbe mara nyingi mambo yaliharibika kabla hata hajafika kitandani wodini. Haya ndiyo maambukizi ya kidonda cha oparesheni, yaani bakteria wameingia pale palipochanwa, na yanahesabiwa yakitokea ndani ya siku 30, au hadi 90 kwa baadhi ya oparesheni za kuwekewa kitu mwilini kama nyonga ya bandia. Yanaweza kuishia kwenye ngozi tu au yakazama mpaka kwenye kizazi. Afrika, kwa hesabu za WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, yanawapata hadi asilimia 20 ya akina mama wanaojifungua kwa kisu, na hiyo inauma sana.

Bakteria wenyewe wengi wanatoka kwenye ngozi au utumbo wa mgonjwa. Ndo maana antibayotiki inapigwa kabla ya kuchana, WHO wanasema ndani ya dakika 120, nyingi zinapigwa ndani ya saa moja, ili kisu kikigusa ngozi dawa iwe tayari iko kwenye damu na nyama. Oparesheni ikiisha salama WHO hawashauri kuendelea na dozi kwa ajili ya kinga, na hapa ndipo ndugu wanakuja juu, "mbona hajaandikiwa dawa za siku saba?" Hospitali ya Thika, Kenya, walihamisha dawa kutoka baada ya oparesheni kwenda kabla, na maambukizi yakapungua, tena manesi wakapumzika na sindano za kila mara.

Halafu wembe jamani. Unajinyoa usiku ili uende msafi, kumbe wembe unaacha vijikato visivyoonekana na bakteria wanajificha humo. Oga kwa sabuni, nywele ziache, zikiwa zinasumbua watazipunguza wenyewe kwa mashine.

Hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilibana mambo haya pamoja, kuoga, wembe, muda wa dawa, kusafisha ngozi kwa dawa yenye spiriti, nidhamu ndani ya thieta, maambukizi yakashuka kutoka asilimia 8 hadi 3.8.

Ukiona mshono unavimba, una joto, unatoa usaha au harufu, au homa imepanda, rudi hospitali siku hiyohiyo, usimwagie unga wa kapsuli.