Si kila tope ni shamba la mikoko

Simu iliingia Jumatano baada ya Alasiri. "Ami, twataka miche elfu mbili ya mikoko Ijumaa, siku ya mazingira. Wageni wafika saa nne." Mwalimu ni mtu mwema, na shule yake siitaji. Nikamuuliza ataipanda wapi. Akacheka. "Mikoko tena, Ami? Si ni kudunga topeni tu!"

Basi leo naandika, ili mwakani atakayepiga simu kama hiyo nimtumie haya maneno, nami nirudi zangu kitaluni.

La kwanza nitalipita mbio, maana Waamu wengi wanalijua. Kenya ina aina 9 za miti hii, na zaidi ya nusu ya msitu wote wa mikoko nchini uko kaunti yetu ya Lamu. Kuna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na wenzao, na kila mmoja una makao yake. Mlilana husimama mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Mkoko na muia hukaa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi. Mchu hauna adabu, utaukuta mbele na utaukuta tena kule nyuma kwenye chumvi kali. Shuleni yote huitwa "mikoko", na inayopandwa ni mkoko peke yake. Sababu ni mbegu. Ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia ndefu kuliko rula ya darasani, na mtoto wa gredi ya pili anaweza kuidunga akapigwa picha. Ya mlilana ni ndogo mno, na kuilea kitaluni kunataka subira. Kwa hiyo mkoko ndio unaopelekwa mbele, mahali pa mlilana, ukapigwe na mawimbi.

Lakini linalonikera hasa si hilo. Ni saa nne.

Mvuvi yeyote wa Amu atakwambia. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kuliko kawaida, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi na hukupwa mnamo saa nne. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mwezi ukiwa na siku saba au nane hivi, mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa. Sasa mwalimu akipanga sherehe siku ya maji mafu, wageni wanafika wakakuta bahari. Wanaudhika, na mwaka unaofuata anaulizia siku nzuri. Anaambiwa bamvua. Bamvua saa nne bahari imekwenda zake mbali, tope limeanikwa jeusi, pana kama uwanja wa ndege wa Manda. Mgeni anatazama pale anasema, lo, nafasi yote hii imekaa bure! Watoto wanapanga mistari kwa kamba. Saa sita wanakula biriani. Saa kumi jioni, wageni wamo botini kurudi Mokowe, pale palipopandwa mche wa shubiri mbili pana maji ya kumzamisha mtu mzima.

Yaani tumejifunza kuchagua siku ambayo tope hudanganya kuliko siku zote, na saa ambayo hudanganya kuliko saa zote.

Mkoko si mwani. Unapenda kufunikwa na kufunuliwa, na kufunuliwa kuwe kwingi zaidi. Wataalamu wa kurudisha misitu hii hukadiria kwamba pahali pazuri huwa chini ya maji kama asilimia 30 tu ya muda wote, na saa zilizobaki tope linapumua. Mizizi hupata hewa kupitia vitundu vidogo vya kwenye gome. Ukiizamisha kutwa kucha unaisakama roho. Mche usipokufa kwa hilo, mawimbi ya kusi yataung'oa, au vidudu vya gamba vitaugandia shina mpaka uiname. Sri Lanka watafiti walikwenda kukagua maeneo 23 yaliyopandwa mikoko, na katika 9 hawakukuta hata mche mmoja ulio hai. Hayo yalikuwa maeneo ya miradi yenye pesa, si ya watoto wa shule.

Na lile tope "bure" lina wenyewe. Vitwitwi, ndege wa pwani wanaokuja kutoka Ulaya na Asia hula pale msimu wa kaskazi. Akina mama huokota chaza pale. Hakuna aliyewauliza.

Kuna swali moja ninalowauliza watoto, nao hulijibu upesi kuliko wakubwa. Kila mwaka mbegu kwa maelfu huanguka zenyewe kutoka msitu wa jirani, zinaelea, zinapita juu ya tope hili kila maji yakijaa. Mbona hapajaota hata moja? Mara ya kwanza niliyouliza, kijana mmoja mwenye kandambili mkononi alinijibu, "Kwa sababu hapataki." Ndilo jibu lenyewe. Pahali pakitaka, miche utaikuta imeshatangulia. Usipoikuta, tafuta kinachozuia: maji mengi mno, mchanga uliofukia mlizamu wa kupitishia maji, mbuzi na punda wanaotafuna majani, au mkondo uliozibwa na barabara. Mara nyingi dawa ni jembe la kuzibua mlizamu, na siku ya jembe haina picha nzuri.

Sasa niseme ambalo sipendi kulisema. Miaka yangu ya kwanza nilipanda kwenye tope la bamvua mimi mwenyewe, kwa mistari, nikajisifu. Haikubaki hata fito moja. Na hata pale ninapojivunia leo, upande wa Kipungani, kwenye kijipengo kilichokatwa miti, sina hakika kama ni miche yangu iliyokijaza au msitu ulikuwa ukirudi wenyewe nami nikajipenyeza kwenye picha. Nilianza kuhesabu nikiwa nimechelewa. Kitalu ndicho kinachonilisha, kwa hiyo mnaweza kukisia jinsi swali hili linavyonikosesha usingizi.

Hapo ndipo linapoingia daftari. Shule nyingi huchanganya siku ya mazingira na siku ya kusoma. Watoto huimba ngonjera, mti ni uhai, mti ni mvua, wageni hupiga makofi, na chini ya jukwaa kuna mifuko mieusi ya miche imeachwa topeni. Huu ni mji ulioshusha majini jahazi la plastiki zilizookotwa, Flipflopi, mwaka 2018, halafu siku ya mazingira tunamwaga mifuko ya nailoni baharini! Mifuko hiyo siku hizi naidai irudi kwa hesabu, mmoja mmoja.

Ngonjera sina ugomvi nazo. Lakini shule moja ilikubali nijaribu kitu kingine: miche 30 tu, kila mmoja na kijiti chenye namba, na darasa likaandika kila bamvua. Urefu, majani mangapi, nani kaula. Siku ya kusoma wasome daftari lao, si shairi.

Mwaka huu msichana wa gredi ya tano alipanda jukwaani na lile daftari lililovimba kwa maji ya chumvi. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari. "Mche namba 6, majani manne. Mche namba 9, umeliwa na kaa. Mche namba 11, umefariki. Mche namba 12, umefariki. Mche namba 13, kijiti kipo, mche hatukuuona." Ukumbi kimya. Mwalimu mkuu ananitazama mimi kama niliyeleta msiba harusini. Waliopona walikuwa 17, na kwangu hiyo ni hesabu ya kuchinja mbuzi. Akafungua ukurasa wa mwisho.

"Mche namba 31. Huu hatukuupanda sisi. Tumeukuta. Una majani sita."

Wazee wa nyuma ndio walioanza kupiga makofi. Mgeni wa heshima akainama kunitilia sikioni: huo wa mwisho umefadhiliwa na nani?