Hekaya ya Kisu cha Mgongoni: Uzushi Uliowaua Watu Ujerumani

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wengi waliaminishwa kwamba jeshi lao halikushindwa vitani, bali lilisalitiwa nyumbani na wasoshalisti, Wayahudi na wanasiasa waliotaka amani. Uzushi huo ndio hekaya ya kisu cha mgongoni, kwa Kijerumani Dolchstoßlegende.

Ulikuwa uongo mtupu. Septemba 29, 1918, Jenerali Erich Ludendorff mwenyewe, mmoja wa wakuu wawili wa jeshi, ndiye aliyeishinikiza serikali iombe mapigano yasitishwe haraka, maana jeshi lilikuwa hoi. Lakini ilipofika Novemba 11, kazi ya kutia saini makubaliano ya kusitisha mapigano alitupiwa raia, Matthias Erzberger wa chama cha Kikatoliki cha Zentrum. Majenerali wakabaki na mikono safi. Magazeti yalikuwa yamebanwa miaka yote ya vita, na mapigano yalikoma askari wa Ujerumani wakiwa bado Ufaransa na Ubelgiji. Mkazi wa kawaida wa Berlin angejuaje kwamba vita vilikwisha kushindwa?

Novemba 18, 1919, Paul von Hindenburg, aliyekuwa mkuu wa jeshi pamoja na Ludendorff, alifika mbele ya kamati ya uchunguzi ya bunge, akasoma maelezo aliyoandaliwa: eti jenerali mmoja Mwingereza alisema jeshi la Ujerumani lilichomwa kisu mgongoni. Siku hizo mjini Berlin alikuwa amefikia nyumbani kwa Karl Helfferich.

Huyo Helfferich ndiye wa kumtazama kwa makini. Alikuwa mchumi, mmoja wa wakurugenzi wa Deutsche Bank, kisha msimamizi wa hazina ya serikali mwaka 1915 na 1916. Vita aliviendesha kwa mikopo zaidi kuliko kodi, akitegemea adui akishindwa atalipa. Mambo yalipogeuka, deni likawaangukia Wajerumani wenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna aliyehitaji mtu wa kumtupia lawama kuliko yeye.

Akiwa na DNVP, chama cha mrengo mkali wa kulia, alimwandama Erzberger kwa makala mfululizo. Erzberger akamshtaki kwa kumchafulia jina. Machi 1920 Helfferich alitozwa faini ya marka 300 tu, huku mahakama ikikubali mengi ya madai yake, na Erzberger akajiuzulu uwaziri wa fedha. Agosti 26, 1921, akiwa matembezini katika milima ya Schwarzwald, maofisa wawili wa zamani walimpiga risasi akafa.

Helfferich hakunyamaza. Juni 23, 1922, alimshambulia bungeni waziri wa mambo ya nje, Walther Rathenau, aliyekuwa Myahudi. Kesho yake asubuhi Rathenau aliuawa ndani ya gari lake. Helfferich alipoingia bungeni, wabunge walimzomea: “Muuaji!”

Alikufa Aprili 1924 katika ajali ya treni karibu na Bellinzona, Uswisi. Wanazi waliuendeleza uzushi uleule, wakiwaita waasisi wa jamhuri iliyozaliwa Novemba 1918 “wahalifu wa Novemba”. Waliposhika dola mwaka 1933, waliwapa msamaha wauaji wa Erzberger.