"Wacha Mungu" wa kwenye Matendo ya Mitume ni akina nani?

Tukisema marehemu alikuwa mcha Mungu, tunataja tabia yake. Katika Matendo ya Mitume maneno hayo hubeba maana nyingine pia, na anayesoma kwa haraka huikosa. Paulo, akiwa katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia, anawaita kwanza watu wa Israeli, kisha anaongeza: "na ninyi mnaomcha Mungu". Yamekaa makundi mawili humo, siku ya sabato.

Hao wa pili walikuwa watu wa mataifa waliovutwa na Mungu wa Israeli. Walikuja sinagogi, wakasikiliza Torati na manabii wakisomwa kwa Kigiriki, na wengine walitoa mali: Luka, mwandishi wa Matendo, anamtaja katika Injili yake akida wa Kapernaumu aliyewajengea Wayahudi sinagogi. Lakini hawakuwa waongofu. Mwongofu mwanamume alitahiriwa, akaishika Torati yote, akahesabiwa miongoni mwa Wayahudi. Mcha Mungu aliishia hatua moja kabla ya hapo. Wayunani waliiona tohara kuwa aibu, na mwenye cheo mjini alitarajiwa kuhudhuria sadaka za miungu ya mji.

Baadhi ya wataalamu walishuku kwamba Luka alilikuza kundi hili. Mwaka 1976 huko Aphrodisias, nchini Uturuki, likapatikana jiwe lililochongwa majina: Wayahudi kwanza, kisha, chini ya neno la Kigiriki theosebeis, yaani wamchao Mungu, majina zaidi ya 50, baadhi yao madiwani wa mji. Jiwe ni la miaka mingi baada ya Paulo, ila linaonyesha kwamba watu wa namna hiyo walikuwapo na walijulikana kwa jina lao.

Ukilielewa kundi hili, utaelewa kwa nini habari za Masihi wa Kiyahudi zilishika haraka kwa wasio Wayahudi. Kornelio wa Kaisaria na Lidia, muuza rangi ya zambarau, hawakuhitaji kufundishwa upya Mungu mmoja ni nani wala Ibrahimu ni nani. Walichoahidiwa kilikuwa kipya: kuingia kikamilifu bila tohara. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, na mnamo mwaka 49 mitume na wazee wakakutana Yerusalemu. Waliamua wa mataifa wasitwikwe mzigo huo. Wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa na uasherati.

Kwa hiyo tukisoma kwamba Wayahudi wa Thesalonike waliona wivu, tusikimbilie kuwalaumu. Waliokuwa wakiondoka kumfuata Paulo ni marafiki wa sinagogi, miongoni mwao wanawake wenye vyeo, watu wa kulitetea mbele ya wakubwa wa mji. Na hawakwenda mbali. Korintho, Paulo alipotoka sinagogi, aliingia kwa Tito Yusto, mcha Mungu, ambaye nyumba yake ilipakana na sinagogi hilohilo.