Potasiamu na moyo: mstari unaorukwa kwenye majibu ya damu

Mtu akikabidhiwa majibu ya damu, macho yake hukimbilia sukari na kolesteroli. Mstari wa potasiamu, mojawapo ya madini ya damu, haumshughulishi. Kwetu sisi wa maabara, huo ndio mstari unaotufanya tumpigie daktari simu kabla karatasi haijatoka kwenye printa.

Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Ni nafasi finyu mno. Sukari inaweza kufika mara mbili ya kawaida na mtu akaendelea na shughuli zake. Potasiamu ikifika mara mbili, moyo unaweza kusimama.

Karibu asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli, na kinachoelea kwenye damu ni masalia tu. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo inayozalisha umeme wa moyo, umeme unaoufanya upige takriban mara 100,000 kwa siku. Potasiamu ikishuka, msuli wa moyo hushtuka ovyo na mapigo huvurugika. Ikizidi, umeme hupita kwa kusuasua na mapigo hupungua. Mgonjwa anaweza kuhisi misuli imelegea, kukazwa na misuli ya miguu, au moyo kwenda mbio. Lakini wengi hawahisi chochote, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Kalsiamu nayo ina zamu yake. Miaka ya 1880 jijini London, daktari Sydney Ringer alikuwa akichunguza mioyo ya vyura, nayo ilipiga kwa saa nyingi ikiwa kwenye maji ya chumvi. Chumvi ileile ilipochanganywa na maji yasiyo na madini mengine, mioyo ikanyamaza upesi. Kumbe awali yalitumika maji ya bomba, na kilichokuwa kikiibeba mioyo ile ni kalsiamu iliyokuwamo. Ndiye huyo ambaye jina lake bado tunalitaja tunaposema dripu ya Ringer.

Sasa, kiwango cha potasiamu huvurugika kwa nini? Watu wengi hufikiria chakula kwanza. Mara nyingi chanzo ni figo, dawa, au kuharisha na kutapika kwa muda mrefu. Dawa za kukojoza kama furosemidi huimwaga potasiamu kwenye mkojo. Enalaprili, losatani na spironolaktoni huizuia isitoke, na figo zikiwa zimechoka inarundikana. Ukiongeza vidonge vya maumivu kama ibuprofeni juu ya hizo, figo huzidiwa zaidi. Naomba nieleweke: dawa hizi za presha na moyo zinaokoa maisha, usiziache kwa kusoma makala hii. Unachotakiwa ni kupima damu wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi, kisha kurudia kadiri daktari atakavyokupangia.

Kuna wakati mgonjwa anapewa potasiamu siku hadi siku na namba haipandi. Hapo mulizeni daktari kuhusu magnesiamu. Ikipungua, figo huendelea kuivujisha potasiamu hata ukiongezewa kiasi gani. Tatizo ni kwamba chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyomo kwenye damu, kwa hiyo jibu linaweza kusomeka zuri wakati akiba imeshapungua. Pombe nyingi huipunguza. Vivyo hivyo dawa za asidi ya tumbo za kundi la omeprazoli zikitumiwa kwa muda mrefu. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu hilo.

Sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi ya kula, inapotosha kwa namna nyingine. Unaweza kula chumvi nyingi miaka kumi na sodiamu ya damu ikabaki kawaida kabisa, kwa sababu mwili huivutia maji ili kuizimua. Maji yale huongeza wingi wa damu na presha hupanda. Kwa hiyo usitumie jibu la sodiamu kujipa ruhusa ya kuongeza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulifuatilia watu wapatao 21,000 katika vijiji 600 vya China. Waliotumia chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Ni habari njema. Ila chumvi hiyohiyo ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia spironolaktoni. Vivyo hivyo vidonge vya potasiamu: visinunuliwe bila kipimo na ushauri.

Na wakati mwingine namba yenyewe si ya kweli. Ngumi ikifungwa na kufunguliwa mara nyingi, misuli ya mkono huachia potasiamu yake kwenye damu. Mpira unaofungwa mkononi ukikazwa muda mrefu, au damu ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano, chembe nyekundu hupasuka na potasiamu yake humwagika ndani ya kichupa. Tukishaizungusha damu hiyo kwenye mashine, majimaji ya juu ambayo yangekuwa ya manjano hafifu yanatoka mekundu-mekundu. Nikiyaona hivyo, siiandiki ile namba. Naomba damu nyingine. Basi muuguzi akirudi kukuchoma mara ya pili, mnyooshee mkono, na kiganja ukiache wazi.