Umefuta Faili? Usiguse Flashi Kwanza

Hapa Ngamiani, Tanga, wengi wanaoniletea flashi au memori kadi iliyofutwa huwa wameshahangaika nayo nyumbani. Kuhangaika huko ndiko kunakoharibu kuliko hata kule kufuta.

Ukifuta faili kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT32, yaani mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili, kompyuta haigusi kilichomo. Kwenye orodha ya mafaili inaondoa herufi ya kwanza ya jina na kuweka alama ya kwamba limefutwa, kisha kwenye jedwali lake inaandika kuwa nafasi ile sasa iko wazi. Basi. Mwalimu mmoja wa Makorora aliniletea flashi yake, programu ikaisoma, ikaonyesha _ATOKEO.XLS. Akauliza, "Fundi, mbona M haipo?" Hiyo M ndiyo iliyokuwa imefutika kweli. Alama za wanafunzi wake zilikuwa palepale, zikarudi zote.

Angeingiza nyimbo mbili tatu humo, tungekuwa na habari nyingine. Nafasi iliyo wazi hukaliwa na faili lolote jipya, na kilichoandikiwa juu hakirudi kwa fundi yeyote. Kwa hiyo chomoa flashi mara moja. Kama faili lilikuwa kwenye diski ya kompyuta na halimo kwenye pipa la taka, zima mashine. Tafadhali usipakue programu ya kurejesha humohumo, maana nayo inatafuta pa kukaa!

Mimi huanza kwa kunakili diski nzima, nikafanyia kazi nakala, na ninachopata nakihifadhi kwenye diski nyingine. Orodha ikiwa imevurugika natumia programu ya kurejesha iitwayo PhotoRec, ambayo haijali majina. Inasaka jinsi faili linavyoanza. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Picha zinarudi bila majina yake, na video iliyohifadhiwa vipandevipande huweza kurudi nusu.

SSD, yaani diski ya kompyuta isiyo na sahani inayozunguka, ni habari ngumu. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, ukifuta faili mfumo hutuma amri ya TRIM, inayoiambia diski kuwa nafasi ile haihitajiki tena, na SSD yenyewe huanza kuisafisha nafasi ile, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Ukiisoma unakuta sifuri tupu. Mteja wa namna hiyo namwambia ukweli kabla sijapokea hela yake, kisha namuuliza kama faili aliwahi kumtumia mtu kwa WhatsApp au barua pepe, tukalitafute huko.