Kwetu ni wapi? Maana ya utambulisho wa taifa kwa mwandishi wa ughaibuni

Utambulisho wa taifa ukiutaja hivyo unasikika kama mada ya semina, ila Kiswahili kina kineno chake kidogo tu ambacho tunakitumia kutwa: kwetu. Kiangalie vizuri. Huwezi kusema "kwangu" ukamaanisha nchi yako, kwangu ni chumba ninacholipia kodi, kwetu ndo asili, na hiyo -etu inataka watu wengine wawepo na wakubali kwamba wewe ni mwenzao. Pasipoti unapewa na ofisa dirishani, kwetu unapewa na ukoo, mtaa na lugha, na wanaweza wakakunyima vilevile. Mwandishi aliyehama shida yake iko hapo, maana yeye anaandika "kwetu" halafu waliobaki nyumbani wanamjibu "huko kwenu majuu", na hao wa majuu nao wanamuuliza kila siku unatokea wapi.

Hili tuliliona laivu tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, aliposhinda Nobel ya fasihi. Rais Samia akatoa pongezi, watu wakashangilia, jioni haijafika mabishano yameshachanganya: Mtanzania gani huyo, huyo Mwingereza, sheria yetu haitambui uraia pacha, wengine wakasema ni Mzanzibari msimchanganye na Bara, wengine wakaleta ile ya mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilibishana mpaka bando likaisha na nilikuwa sijasoma kitabu chake hata kimoja, na naamini sikuwa peke yangu.

Sasa hebu fuata maisha yake kidogo. Kazaliwa Zanzibar Desemba 1948, Sultani yupo na Mwingereza yuko juu yake. Tarehe 10 Desemba 1963 uhuru, tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi, tarehe 26 Aprili 1964 muungano na Tanganyika. Yani ndani ya miezi isiyofika mitano kijana wa miaka kama 15 kabadilishiwa nchi mara tatu bila kupanda hata boti ya Dar! Ukimuuliza mtu kama huyo taifa lako lipi, na yeye ana haki ya kukuuliza la mwezi gani. Mwishoni mwa miaka ya sitini akaenda Uingereza, hakuweza kurudi mpaka 1984, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Watu wengi wanadhani mwandishi wa nje katengana na mahali tu, kumbe katengana na mwaka pia, ule mji anaouandika aliuacha na bei zake, majina ya maduka, watoto ambao leo ni mababu, na hata sisi tuliobaki hatuna njia ya kurudi huko. Ndo maana msomaji wa nyumbani anaposema "mbona Zanzibar haiko hivi" anakuwa sahihi na mwandishi naye anakuwa sahihi.

Kwenye riwaya yake ya 2001, By the Sea, kuna mzee anaitwa Saleh Omar, anashuka Gatwick, uwanja wa ndege wa London, na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, na kashauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anapekua begi lake, anakuta kikasha kina udi. Udi kabisa ule wa kufukiza nyumba! Ofisa ananusa, anauliza, mzee kimya, na ofisa anaondoka na kile kikasha. Kilichoniacha hoi ni kwamba huyo ofisa mwenyewe anamwambia wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Romania, halafu bado anamsomea mzee wa watu kwamba hapa sio mahali pako. Sijaona maelezo ya utambulisho yanayoshinda hayo. Nchi yote ya yule mzee imebaki kwenye harufu, na harufu haigongwi muhuri.

Kuna suala la lugha pia, na hapa ndo lawama huwa nyingi. Gurnah kakulia Kiswahili na anaandika Kiingereza, riwaya yake ya 1994, Paradise, tuliipata kwa Kiswahili mwaka 2022, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Mtu akikwambia hiyo inampunguzia ukwetu sikubaliani naye sana, lakini naelewa kinachomuuma, maana bibi yangu angeweza kumsikiliza Gurnah akiongea na asingeweza kumsoma.

Ukitaka upande wa pili mwangalie Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika kijitabu cha kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, na kikamtia jela kuanzia 1969 mpaka 1972. Hebu lione hilo neno, twendapi, tu- ileile, ndugu wa -etu, kijana wa miaka ishirini na kitu anasema sisi na serikali inamwambia wewe haumo. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika humo gerezani kwenye karatasi za chooni. Alipotoka akahamia Dar, baadae London, akamalizia Leipzig akifundisha Kiswahili, na miaka yote hiyo mashairi yake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, sio hata hiki sanifu chetu cha shuleni. Kwa hiyo Kenya ilimfukuza kwenye sisi, Mombasa haikuwahi kutoka mdomoni mwake, na mtu akisema "mwandishi wa Kenya" akiishia hapo kaacha nusu ya habari.

Na usidhani ni waandishi tu. Nina shangazi yuko Muscat toka sijazaliwa, Waomani wenzake wanamwita Mzanzibari, akija Unguja watoto wa mtaani wanamwita Mwarabu. Majuzi kanipigia anasema huku kwetu joto limezidi, nikamuuliza kwetu ipi shangazi, akasema we mtoto nawe, subiri nizime jiko.