Kidonge cha kichocheo kimoja: maana yake, na kwa nini saa ndiyo inayokifanya kuwa salama

Akina mama wengi wanakijua kwa jina la "kidonge cha kunyonyesha". Unarudi kliniki na mtoto mgongoni, nesi anakukabidhi pakiti, anasema meza kimoja kila siku, na foleni inasonga. Jina hilo si la uongo, ila limeficha mambo mawili. La kwanza, vidonge hivi si vya wanaonyonyesha peke yao. La pili ni zito zaidi: kidonge kilekile kinachokuvumilia ukichelewa wakati mtoto yuko ziwani hakikuvumilii tena akishaachishwa. Hapo ndipo inapoingia ile mimba ya "mbona nilikuwa nameza dawa?"

Wataalamu wanaviita vidonge vyenye kichocheo kimoja. Kichocheo ni homoni, na katika uzazi wa mwanamke vichocheo vikuu ni viwili, estrojeni na projesteroni. Vidonge vya majira vilivyozoeleka zaidi vina aina zote mbili. Hivi vina moja tu, projestini, yaani dawa iliyotengenezwa kuiga projesteroni ya mwilini, tena kwa kipimo kidogo mno. Microlut na Microval zina levonojestreli mikrogramu 30 kwa kila kidonge. Exluton ina linestrenoli mikrogramu 500, na Cerazette ina desojestreli mikrogramu 75. Udogo wa hiyo mikrogramu 30 unauona ukiilinganisha na P2, ile ya dharura ambayo watu huinunua asubuhi wakiangalia pembeni. P2 ni levonojestreli hiyohiyo, miligramu 1.5, sawa na vidonge 50 vya kila siku kwa mkupuo mmoja. (Hiyo ni hesabu ya kuelewa, si ruhusa ya kujichanganyia nyumbani.)

Kwa anayependa asili ya vitu: projestini za mwanzo zilitengenezwa kutokana na kiazi kikuu cha mwituni cha Meksiko, na mwaka 1951 mkemia kijana wa huko, Luis Miramontes, alikamilisha norethisteroni katika maabara ya Syntex. Kula viazi vikuu hakuzuii mimba, lakini. Kazi iliyofanywa na maabara ile tumbo la binadamu haliwezi kuifanya.

Kwa nini estrojeni iachwe nje? Kwa sababu inaweza kupunguza maziwa, na kwa sababu inaongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, hatari ambayo tayari iko juu wiki za kwanza baada ya kujifungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri anayenyonyesha asubiri hadi miezi 6 kabla ya kutumia vidonge vya vichocheo viwili, wakati vya kichocheo kimoja anaweza kuvianza wakati wowote baada ya kujifungua. Sababu hiyohiyo inawafungulia mlango wanawake wengine wanaokataliwa vidonge vya kawaida: mwenye shinikizo la damu, anayevuta sigara akiwa ameshapita miaka 35, au mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli. Wengi wao hawaambiwi kwamba njia hii ipo, kwa sababu jina lake linasema ni ya kunyonyesha.

Kinavyofanya kazi

Kwenye shingo ya kizazi kuna ute. Siku za yai kupevuka ute huo huwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai la kuku, na mbegu za kiume hupita humo bila shida. Projestini inaufanya kuwa mzito na wa kunata, na njia inazibika. Vidonge vya aina ya zamani huzuia pia yai kutoka, lakini katika kama nusu ya mizunguko tu, kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwenye ute. Desojestreli ni tofauti: yenyewe huzuia yai karibu kila mzunguko.

Sasa, ute haubaki mzito kwa hiari yake. Kipimo ni kidogo, dawa inatoka mwilini haraka, na siku moja ikipita tangu kidonge cha mwisho ute unaanza kulegea. Masharti ya saa yanatoka hapo. Si ukali wa manesi.

Kwa levonojestreli, norethisteroni na linestrenoli, kikomo ni kuchelewa muda wa saa 3. Kwa desojestreli ni saa 12. Ipo na drospirenoni, aina mpya zaidi, ambayo inavumilia saa 24. Soma jina la dawa kwenye pakiti kabla hujaazima sheria ya shoga yako, maana yeye huenda anameza kingine kabisa.

Na hapa Kiswahili chetu kina mtego wake. "Saa tatu" ni muda, na pia ni wakati. Mtu akiambiwa "usichelewe zaidi ya saa tatu" anaweza kuondoka akiamini kwamba mradi amemeza kabla ya saa tatu usiku, mambo ni sawa. Kinachosemwa ni kingine: ukichagua saa mbili usiku, mwisho wako ni saa tano usiku. Ukichagua saa kumi na mbili asubuhi, mwisho ni saa tatu asubuhi. Na ukiweka kengele kwenye simu, saa mbili usiku simu inaijua kama 20:00. Kuna aliyeweka 2:00 akaamshwa usiku, kuku hawajawika.

Wakati wenyewe chagua uliofungamana na jambo usilolikosa. Taarifa ya habari ya saa mbili, kupiga mswaki, adhana ya isha, ambayo huku karibu na ikweta haihami sana mwaka mzima. Usiku una faida nyingine kwa Muislamu: Ramadhani ikifika huna haja ya kubadili chochote. Anayemeza mchana na anataka kuhamia usiku ahame kwa kuwahi, yaani kidonge kinachofuata akimeze mapema kuliko kawaida, asikicheleweshe kupita kikomo. Msafiri aweke pakiti kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalofungiwa buti ya basi. Anayevuka kwenda Muscat atakuta saa za huko zimetangulia za Afrika Mashariki kwa saa moja tu, hiyo haisumbui. Anayeruka kwenda Marekani ahesabu saa za nyumbani mpaka atakapopanga upya.

Ukichelewa, ukitapika

Umepitisha kikomo? Meza mara unapokumbuka, kisha kinachofuata kimeze kwa wakati wake wa kawaida, hata kama hiyo inamaanisha vidonge viwili siku moja. Havitakudhuru. Kama hedhi yako imesharudi, tumia kondomu au jizuie kwa siku 2, muda wa ute kurudi kuwa mzito. Kwa Cerazette, karatasi ya ndani inaagiza siku 7, nayo drospirenoni ni siku 7. Ikiwa tayari mmeshakutana katika siku 5 zilizopita, hiyo ni siku ya kuulizia P2 bila kusubiri, maana kila saa inayopita inaipunguzia nguvu.

Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, hesabu kwamba hukumeza, chukua kingine. Kuhara sana au kutapika kwa zaidi ya siku moja kunaizuia dawa kuingia vizuri mwilini, kwa hiyo endelea kumeza lakini ongeza kondomu mpaka siku 2 baada ya tumbo kutulia.

Waliotoka kwenye vidonge vya vichocheo viwili wana kosa lao maalumu. Wamezoea safu ya mwisho ya vidonge 7 vya rangi ya kahawia, vya madini ya chuma, ambavyo ukivisahau hakuna kinachoharibika. Huku safu hiyo haipo. Pakiti ina vidonge 28 au 35, vyote vina dawa (drospirenoni ndiyo yenye 4 visivyo na dawa), na pakiti ikiisha leo, kesho unafungua nyingine hata kama damu inatoka. Anayejipa wiki ya kupumzika "ili mwili upumue" anakuwa amekaa wiki nzima bila kinga.

Kuanza si kugumu. Ukianza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, kinga ni ya papo hapo. Siku nyingine yoyote unaweza kuanza pia, mradi una hakika ya kutosha kwamba huna mimba, na utumie kondomu siku 2 za mwanzo. Mimba ikiharibika unaweza kuanza mara moja. Kukaguliwa njia ya uzazi kwa ndani si sharti.

Wasiofaa kuvitumia ni wachache kuliko mitaa inavyosema: mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuipata, na mwenye ugonjwa mkali wa ini au uvimbe wa ini. Kundi linalosahaulika ni la wanaotumia dawa nyingine. Rifampisini, iliyomo kwenye dozi ya kifua kikuu ya miezi 6, inalifanya ini lisage projestini kwa kasi hata kidonge kikawa kama hakuna. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini za kifafa zinafanya vivyo hivyo. Athari hiyo inaendelea kama wiki 4 baada ya kuacha dawa hizo. Mama aliye kwenye matibabu ya TB amwambie mtoa huduma, maana kitanzi au sindano ya miezi 3 vitamfaa zaidi. Kwa anayetumia ARV, dolutegraviri haina ugomvi na kidonge hiki. Efavirenzi inaweza kukipunguzia nguvu, kwa hiyo nayo itajwe. Hata dawa za miti shamba zitaje, bila kuona haya. Na kumbuka kidonge hakizuii VVU wala magonjwa ya zinaa.

Kinachowafanya wanawake kuacha, zaidi ya yote, ni damu. Hedhi inaweza kuja mara mbili kwa mwezi, ikaja matone matone, au isije kabisa. Kwa anayenyonyesha, kutoona siku ni kawaida hata bila kidonge. Damu ya hedhi isiyotoka haijalundikana mahali popote tumboni. Utando wa ndani ya kizazi umebaki mwembamba tu, hakuna cha kutoka. Baadhi hupata kichwa kuuma, matiti kujaa, kizunguzungu au hali ya moyo kubadilika. Ni usumbufu wa kweli na una haki ya kubadili njia kwa ajili yake, ila si dalili ya ugumba wala ya "vidonge kujaa tumboni", hadithi ambayo nimechoka kuisikia kwa watu waliosoma.

Maumivu makali ya chini ya tumbo upande mmoja ni jambo jingine, hasa yakija na kizunguzungu cha kuanguka au maumivu ya bega. Kidonge hupunguza mimba za aina zote, lakini kikishindwa, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Hapo ni hospitali usiku huohuo. Macho kuwa ya njano au mguu mmoja kuvimba na kuuma navyo havisubiri tarehe ya kliniki.

Mtoto anapoanza uji

Ukweli wa kidonge hiki uko kwenye namba mbili. Kati ya wanawake 100 wanaonyonyesha na kukitumia kwa mwaka, takriban 1 hupata mimba. Kati ya 100 wasionyonyesha, wakikitumia kama binadamu wa kawaida wanavyotumia, ni kama 7. Wakikimeza kila siku saa ileile, hawafiki 1. Kidonge hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kunyonyesha mchana na usiku, mtoto akiwa chini ya miezi 6 na hedhi haijarudi, kwenyewe ni kinga, na kulikuwa kunafunika uchelewaji wako wote.

Mtoto akianza uji, akianza kulala usiku kucha bila ziwa, au ukiona hedhi ya kwanza, kifuniko hicho kimeondolewa. Rudi kituoni wiki hiyo, usingoje pakiti iishe. Huenda utaamua kubaki nacho na kushika saa kwa ukali, au kuhamia desojestreli yenye nafasi ya saa 12, au vichocheo viwili kama miezi 6 imepita na presha yako iko sawa, au kipandikizi kinachokaa miaka bila kukuuliza saa. Pakiti ya zamani endelea nayo mpaka njia mpya ianze, maana rutuba inarudi bila kuchelewa: sindano huacha dawa mwilini kwa miezi, kidonge hiki hakiachi hata ya keshokutwa.